Mshenga wa Joensuu

Kila chuo kilikuwa na mlango wake
na bawabu wake na daftari la majina,
na bawabu wa Oulu hakumjua bawabu wa Turku
hata kwa salamu.

Otso Lampinen, anayehesabu chavua
zilizozama matopeni mwa maziwa miaka elfu nne,
alikuwa na maneno ya siri kumi na moja.
Aliyaandika nyuma ya tiketi ya basi,
tiketi akaitia ndani ya glavu,
glavu akaisahau Kajaani.
Wiki mbili za utafiti zikalala stesheni.

Wakakutana Tampere, vyuo kumi na tisa,
chumba kisicho na dirisha, kahawa birika kwa birika,
wakabishana siku mbili juu ya neno moja:
mwanafunzi.
Ni nani huyo?
Aliyejiandikisha? Na aliyehitimu jana
na bado ana vitabu vinne vya maktaba?
Na aliye likizo ya uzazi,
anayenyonyesha huku akisoma takwimu usiku?
Mwanasheria kutoka Vaasa akataka fasili ya kurasa sita.
Birgitta Sandelin akavua miwani, akasema:
"Andikeni: wetu.
Aliye wetu, tuseme ni wetu.
Asiye wetu, tunyamaze."
Hawakuandika hivyo. Waliandika kurasa tatu.
Lakini kila mtu aliondoka na lile neno mfukoni.

Nani atalipa umeme, hilo liliahirishwa.

Kazi ikamwangukia Raili Hyvärinen,
wa ghorofa ya chini, Joensuu:
ajenge kitu cha kati.
Si mlango, si nyumba, si mwenye nyumba.
Lugha ninayoandikia ina jina lake, mshenga,
atokaye kwa hawa kwenda kwa wale
amebeba maneno yasiyo yake,
wala hafungui kifurushi njiani.
Hataji jina la mtu, wala tarehe ya kuzaliwa,
wala somo alilofeli.
Anasema tu: huyu tunamjua,
tumemwona kwa macho, tunamdhamini.
Na wale wasiomjua
wanamwamini anayemjua.

Mara sita usiku ule Joensuu ikabisha hodi Turku.
Mara sita Turku ikakataa.
Cheti sawa. Sahihi sawa. Ufunguo sawa.
Nje digrii ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji imepanda hadi kwenye kidirisha,
mkate mweusi umekauka kando ya kibodi.
Akasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari,
kwa kidole, kama mtu atafutaye chawa,
mpaka jibu la Turku likasimama mbele yake:
hodi hii bado haijabishwa.

Akatazama saa ya ukutani:
saa sita kasoro dakika nne.
Akatazama saa ya mashine:
saa sita na dakika tatu, tarehe nyingine.
Dakika saba mbele.
Seva yake ilikuwa inabisha hodi kutoka kesho,
na Turku, iliyo bado leo,
haiwezi kumfungulia asiyefika.

Akacheka peke yake, kicheko cha mafua.
Mikataba, vyeti, zile kurasa tatu,
na kilichokosekana ni kukubaliana
sasa ni saa ngapi.

Akairudisha saa nyuma.
Akabisha.
Karibu, ikasema Turku,
kwa herufi nyeupe, bila nukta.
Hakuwapo wa kumwonyesha
ila mapangaboi ya seva, nayo hayakupunguza kelele.

Asubuhi Otso akaandika neno moja la siri, la kwao,
akaingia Turku bila kujua amevuka kitu.
Chavua za msonobari zilikuwa zikimngoja,
mistari elfu tisini.
Alasiri akatuma malalamiko:
kitufe cha kuingilia kina rangi mbaya,
kijani cha hospitali.

Raili akayasoma mara mbili.
Kisha akafungua faili la rangi.